Nimeunda boksi la hewa baridi la WRX yangu kwa bati la Katwe (na jaribio la kwanza lilivyokaribia kuniua injini)

Mtoto wa Tororo

Wakuu, habari za jioni. Ule uzi niliouahidi tangu mvua za Aprili ndio huu. Mrefu kidogo. Mwenye haraka ashuke hadi kwenye habari ya mafuriko, najua wengi ndiyo mnayoisubiri.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini ya EJ20 yenye turbo (feni inayoshindilia hewa ndani ya injini), gia za mkono. Nilimnunulia kijana mmoja wa Ntinda aliyekuwa akiliremba kuliko kulitunza. Katika urembo alioniachia kulikuwa na koni: filta ya hewa ya umbo la koni, imefungwa wazi ndani ya boneti, inatazamana na injini. Boksi la kiwandani kalitupa. Mlio wake mtamu, sikatai. Ukiachia mafuta linapuliza kama chatu, watoto wa mtaani wanakimbilia barabarani kutazama.

Shida yangu ilikuwa foleni. Kaa Jinja Road, hapa Kampala, nusu saa jioni, taa zifunguke, ukanyage: gari zito utadhani nimepakia matoke ya Mbarara. Ukishapanda Northern Bypass likapigwa na upepo dakika mbili tatu, linaamka lenyewe. Fundi mmoja akanitajia bei ya turbo nyingine kabla hata hajafungua boneti. Nikasema hapana, tupime kwanza.

Kipimo nilikipata Container Village, kwa wauza dawa za mifugo. Wana kipimajoto cha wafugaji wa vifaranga, chenye waya mrefu na kioo kidogo, shilingi 25,000 za Uganda. Ncha ya waya nikaifunga kwa tepu kwenye mdomo wa koni, waya nikaupitisha pembeni mwa boneti, kioo nikakibandika kwenye dashibodi. Siku hiyo nje ilikuwa nyuzi 27. Kwenye Bypass, mwendo wa 80, koni ilikuwa inavuta hewa ya nyuzi 38. Baada ya foleni ya dakika ishirini: 61.

Hewa ya nyuzi 61, wakuu. Hiyo ni ya kukaushia mihogo.

Sasa ubaya wake uko wapi. Hewa ikipata moto inatanuka, kwa hiyo lita ileile inabeba oksijeni pungufu. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, unapoteza kama asilimia 3 ya uzito wa hewa. Kutoka 27 hadi 61 umeshatupa asilimia 10. Na sisi wa Kampala tulishapunjwa mapema: tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 88, wakati mtu wa Mombasa anazo 101. Yaani kabla hujawasha gari, asilimia 12 au 13 haipo.

Kuna atakayesema turbo inafidia. Inafidia, ila kwa jasho. Ukitaka busti (mgandamizo wa ziada wa turbo) ya baa 1, yaani kilopaskali 100, kule pwani, turbo inaikandamiza hewa karibu mara mbili. Hapa Kampala, kupata baa ileile, inabidi ikandamize mara 2.14. Na hewa ikikandamizwa inachemka. Nimepiga hesabu nikichukulia turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: ikivuta hewa ya nyuzi 27 inatoa ya 131. Ikivuta ya 61 inatoa ya 177. Tofauti ya nyuzi 34 mdomoni imezaa nyuzi 46 huko mbele, na mzigo wote huo anaachiwa intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), ambaye kwenye foleni naye hana upepo. Kompyuta ya gari ikihofia injini kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda), inachelewesha cheche. Hapo ndipo yale matoke yanapopakiwa.

Nitaendelea kesho, umeme huku unasumbua.

Kichwa cha Boksa

Nimekaa paleee, mkuu. Endelea. Na mimi nina koni wazi, usiniambie niitupe, nimeinunua juzi.

Dada wa Altezza

Kaka, hesabu za turbo mimi nimeziruka, yangu haina. Lakini hizo 61 zimenishtua. Umesema kipimajoto cha vifaranga?

Mtoto wa Tororo

Cha vifaranga, dada. Usinunue cha kupimia homa, kinaishia 42.

Tuendelee. Jaribio la kwanza, ambalo ndilo la aibu.

Mkitazama video za Wamarekani na Wajapani, hewa baridi maana yake bomba refu linalotoboka hadi ndani ya fenda, na filta inakaa kule chini nyuma ya bampa, mbali na joto. Kwenye Impreza hii njia ipo tayari: ndani ya fenda ya mbele kulia kuna dubwana la plastiki la kupunguza kelele za hewa. Ukilitoa, unabaki na tundu na nafasi ya kutosha. Nikaenda Katwe kwa mafundi wa vyuma, nikapata bomba la alumini la inchi tatu, kona mbili, jamaa akaziunganisha kwa moto wa agoni, kazi safi kabisa. Filta ikaning'inia chini ya taa, sentimita 25 kutoka ardhini. Nilipima baadaye, siyo kabla. Hilo liandikeni.

Joto lilishuka vizuri: nyuzi 29 mwendoni, 36 kwenye foleni. Nikatamba wiki tatu. Nikampigia simu hadi binamu yangu aliyeko Eldoret kumsimulia.

Ijumaa moja mvua ikaanza saa kumi jioni. Wanaoijua Bwaise, mtaa unaofurika, wanajua kitakachofuata. Mbele yangu kamunye (matatu ya huku) moja ikapita kwenye maji, yamefika theluthi ya matairi, nikasema ikiwa ile imepita, yangu pia itapita. Nikaingia polepole, gia ya kwanza. Nisichokifikiria ni kwamba gari likitembea kwenye maji linasukuma wimbi mbele ya bampa, kwa hiyo maji ya sentimita 20 kwenye bampa yanakuwa zaidi ya hayo. Na filta yangu ipo palepale nyuma ya bampa, inanyonya.

Injini haikupiga kelele yoyote. Ilikohoa mara moja, ikasita kama mtu aliyepaliwa, ikazima.

Kilichoniokoa ni uvivu wangu wa kuamini mambo. Mkono ulikuwa kwenye ufunguo, nikasema ngoja. Sikupiga stata. Vijana wa boda wanne wakanisukuma hadi penye mwinuko, 20,000, wakanicheka bure. Filta ilikuwa imelowa kama dekio.

Kesho yake tukatoa plagi zote nne (kwenye boksa, injini yenye silinda zilizolala, plagi ziko ubavuni, andaa vidole na matusi), tukaondoa fyuzi ya petroli, ndipo tukapiga stata. Tundu la kwanza, kavu. La tatu likarusha maji hadi kwenye taa. Kidogo tu, kama vijiko viwili. Hewa unaweza kuikandamiza, maji hayakandamiziki. Kila silinda ya EJ20 ni kama sentimita za ujazo 498, na pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya kama 60 au 70 hivi, kikombe kidogo cha kahawa ya Kisenyi. Maji yakijaa nafasi hiyo na stata inalazimisha, kinachopinda ni koneti rodi, ule mkono wa pistoni. Mimi yalikuwa vijiko viwili, na injini ilikuwa taratibu. Nilibadili oili mara mbili, nikapima kompresheni, silinda zote zikalingana. Nikaenda kanisani Jumapili, jambo ambalo mke wangu bado analizungumzia.

Mzee wa Malaba

Pole sana mwanangu. Hapo kwenye kutopiga stata, vijana wausome mara mbili. Nimeona injini tatu za wateja zikifa kwa stata ya pili, siyo kwa maji yenyewe.

Kichwa cha Boksa

Sasa mkuu si ungefunga ile valvu ya dharura wanayouza, ya kuwekwa katikati ya bomba? Maji yakifika inafungua inavuta hewa ya juu.

Mtoto wa Tororo

Niliifikiria. Zipo, ni kama mkufu wa sponji unaozunguka sehemu ya bomba, filta ya chini ikizama hewa inaingia kupitia hapo. Kwa injini isiyo na turbo naona inaweza kusaidia. Kwangu niliona ninanunua dawa ya ugonjwa ninaoweza kutougua. Ukiishi Kampala na mvua zinarudi mara mbili kwa mwaka, filta ipandishe juu. Basi.

Fundi wa Usiku

Mkuu, uzi mzuri, lakini umeruka jambo kubwa kuliko yote. Lile bomba lako la inchi tatu, sensa ya hewa uliifunga wapi? Au ulitoboa tu ukaichomeka?

Mtoto wa Tororo

Ee, umenikamata. Nilitaka kulipitia kimyakimya.

Yule kijana wa Ntinda alishaiharibu kabla yangu, nami nikaurithi uharibifu. Alikuwa amehamishia sensa kwenye bomba pana kuliko la kiwandani, nami nikaendelea nalo hivyohivyo.

Fundi wa Usiku

Basi niwaeleze wenzetu, maana hapa ndipo injini nyingi za WRX zinapokufa na mwenye gari analaumu petroli.

Ile sensa haipimi hewa yote inayopita. Ina kiwaya kinachopata moto, hewa inayokipitia inakipoza, na kompyuta inasoma umeme unaohitajika kukirudishia joto lake. Kutoka hapo inakisia hewa ya bomba zima, ikiamini kwamba bomba ni lilelile la kiwandani. Ukiweka bomba pana, hewa ileile inapita taratibu zaidi mbele ya kiwaya, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inamwaga petroli kidogo. Mfano wa hesabu tu: kutoka kipenyo cha mm 66 hadi mm 73, eneo linaongezeka asilimia 22. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni, ya kwenye bomba la moshi, inasahihisha. Ukikanyaga hadi chini, kompyuta inaacha kuisikiliza ile sensa, inafuata jedwali lake. Busti imejaa, petroli pungufu, joto ndani ya silinda linapanda, pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi. EJ20 haikupi onyo la pili.

Kwa hiyo ni mawili: bomba la sensa libaki la kiwandani, au uende kwa mtu anayejua kuandika upya jedwali la kompyuta. Hakuna njia ya tatu.

Mtoto wa Tororo

Asante mkuu. Ndiyo maana jaribio la pili nililianza kwa kwenda Kisekka, soko la vipuri, kutafuta kile kipande cha kiwandani kinachoshika sensa. Nilikipata siku ya tatu, kwenye rundo la maboksi ya Forester. Nikakipima kwa kalipa, nikalinganisha namba ya sensa, nikalipa 40,000. Ile wavu ndogo ya kunyoosha hewa iliyo mbele ya sensa ilikuwepo, nzima. Muuzaji alitaka kuitoa anifurahishe, eti inaziba hewa. Nikamshika mkono.

Jaribio la pili, hili ndilo ninalotembelea sasa.

Wazo ni jepesi. Filta inabaki juu, palepale lilipokuwa boksi la zamani, lakini inajengewa chumba chake: kuta za bati, na boneti ndiyo paa. Hewa inaingia kwa tundu la fenda, na kwa bomba jingine la kujikunja la inchi tatu linalotoka nyuma ya grili, usawa wa taa. Mdomo wa chini kabisa uko sentimita 68 kutoka ardhini. Hiyo nilipima kabla.

Nilianza na katoni ya mafuta ya kupikia. Kata, jaribu, kata tena. Ilinichukua jioni mbili, maana kuna bomba la maji, kuna nyaya za taa, na ukuta mmoja lazima ukwepe kishikizo cha rejeta. Katoni ilipokaa sawa nikaenda nayo Katwe, tukaichora kwenye bati la alumini la mm 1.5. Msitumie bati la mabati ya kuezekea kama mtalichomelea, ule moshi wa zinki unaumiza kifua. Jamaa alikunja kona kwa kubana bati katikati ya angle aini mbili na nyundo ya mpira, hakuna mashine. Kona zikafungwa kwa riveti. Kazi yote pamoja na bati 95,000.

Sasa paa. Boneti ya Impreza siyo bapa, kwa ndani ina mbavu na mabonde, na ukuta wa boksi ukiacha mwanya wa kidole tu, joto la injini linaingia na kazi yote imekuwa pambo. Unapimaje mwanya usioweza kuuona, maana boneti lazima ifungwe? Nilikaa nikiangalia yule kijana wa rolex (chapati ya kukunjiwa mayai) pale kona ya gereji akisukuma chapati. Nikamnunulia donge la unga, akaniangalia vibaya. Nikaupanga unga kama kamba juu ya ukingo wa boksi, nikafunika nailoni, nikashusha boneti taratibu hadi ikajifunga, nikafungua. Unga umebonyea sawasawa na mwanya: hapa mm 22, pale mm 9, kwenye kona ya nyuma mm 3. Nikaukata ukingo kufuata unga, kisha nikavisha mpira wa mlango wa Hiace iliyochinjwa, ule wenye mdomo wa chuma ndani unaojing'ata wenyewe. Ukifunga boneti sasa unausikia unabana, *fup*.

Chini ya boksi nimetoboa tundu dogo la mm 8 la kutolea maji ya mvua. Kuta za upande wa injini nimezibandika ile karatasi ya kung'aa ya kukinga joto.

Matokeo kwa kipimajoto kilekile, nje nyuzi 27 tena (nilisubiri siku inayofanana): mwendoni 29. Foleni ya dakika ishirini, 43. Haikubaki 27, na anayekuambia yake inabaki anakuuzia kitu. Bati likikaa karibu na injini litapata joto tu. Lakini gari likianza kwenda, ndani ya dakika moja inarudi 30. Koni wazi ilikuwa inachukua dakika nne hadi tano kushuka, na bado inakwama 38.

Dada wa Altezza

Unga wa chapati! 😂 Hapo umenimaliza, kaka.

Kichwa cha Boksa

Sawa, joto tumekubali. Lakini ndani ya boksi hewa si inabanwa? Koni wazi inavuta kutoka pande zote, ndiyo faida yake. Na farasi zimeongezeka ngapi?

Mtoto wa Tororo

Farasi sijui na sitataja. Sikupanda daino, ile mashine ya kupimia nguvu, na namba za kukisia kwa makalio nawaachia wenye vibandiko.

La kubanwa nilipima. Mnaijua ile levo ya maji ya mafundi ujenzi, mpira mwembamba unaoona ndani? Nilikata mita tatu, nikaukunja umbo la U kwenye ubao, nikatia Mirinda ili rangi ionekane. Upande mmoja uko wazi, mwingine nikauunganisha na kijitundu kwenye mpira mkubwa wa kabla ya turbo. Injini ikivuta kwa shida, Mirinda inapanda upande wake, na unasoma tofauti kwa rula. Sentimita moja ya maji ni kama paskali 98.

Tukaenda Entebbe Expressway mimi na mpwa wangu. Gia ya pili hadi 6,000, ni kama 85 kwa saa, hatukuvunja sheria, ila kila mzunguko ni 5,000 za geti na mpwa hakuchangia hata shilingi. Yeye kazi yake kusoma rula. Mara ya kwanza nilipoachia mafuta ghafla Mirinda ikaruka ikamwagikia shati. Tukafunga pamba juu.

Koni wazi: sentimita 14. Boksi langu: 19. Kwa hiyo uko sahihi, boksi linabana zaidi. Linabana kwa sentimita 5, ambazo ni paskali 490 hivi. Gawanya kwa 88,000 za Kampala: nusu ya asilimia moja, na ushee. Koni wazi inakupa hiyo nusu kwa mkono wa kulia, inakunyang'anya kama asilimia 5 kwa mkono wa kushoto ukiwa kwenye foleni (61 dhidi ya 43). Mlio ndio unaotudanganya. Masikio yanasikia hewa, tunadhani ni nguvu.

Kuna namba nyingine iliyonifundisha zaidi ya hizo. Baada ya kwenda kwa mazishi Wakiso ndani, barabara ya vumbi, kama kilomita 60 kwenda na kurudi nyuma ya lori, nikapima tena filta ileile bila kuigusa: sentimita 27. Vumbi la siku moja lilibana kuliko boksi zima.

Fundi wa Usiku

Hapo sasa tunaongea. Filta gani? Ya mafuta au kavu?

Mtoto wa Tororo

Kavu. Ile nyekundu ya kupaka mafuta alikuwa nayo yule kijana. Siyo mbaya yenyewe, shida ni watu kuipaka mafuta kama wanakaanga sambusa. Yanavutwa, yanakwenda kutua kwenye kile kiwaya cha sensa ulichokieleza, usomaji unapotea. Nilipoisafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza (siyo ya breki, na kiwaya usikiguse hata kwa pamba), gari likisimama na injini inawaka lilitulia siku hiyohiyo.

Na kavu nayo niliijaribu. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba, baada ya filta na baada ya sensa, mahali mkono unafika. Tembea kilomita 200. Kisha futa kwa kitambaa cheupe, kisugue katikati ya vidole. Ile koni ya bei rahisi ya Kisekka iliniachia chenga, unazisikia kama msasa. Hizo ndizo zinazokula mabawa ya turbo na kuta za silinda. Filta ya sasa, ya karatasi, imeacha grisi safi. Nimekubali sentimita mbili tatu za Mirinda kwa ajili ya hilo.

Mzee wa Malaba

Swali la bei. Kuna kijana wangu anataka kutumia bomba la PVC la maji, lile jeupe. Nimemkataza ila sina sababu ya kumpa zaidi ya uzee.

Mtoto wa Tororo

Shikamoo mzee. Sababu ipo: lile la kawaida linaanza kulegea likikaribia nyuzi 80, na karibu na turbo ya boksa joto hilo ni la asubuhi. Likilegea klempu zinapoteza mshiko, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma baada ya sensa, kompyuta haina habari. Kule mbele kabla ya filta, kwenye kuleta hewa kutoka grili, atumie tu, halina madhara. Hata langu la kujikunja ni la plastiki.

Mzee wa Malaba

Marahaba. Nitamsomea.

Dada wa Altezza

Kaka, kwa sisi tusio na turbo inafaa? Na kwa nini usichukue hewa kwenye lile tundu la boneti? Si liko juu, halizami?

Mtoto wa Tororo

Lile tundu ni la intakula, dada. Ukimnyang'anya upepo umerudi palepale. Watu wamejaribu kugawa, wakaishia intakula ya moto na hewa nusu nusu.

Kwako ni rahisi kuliko kwangu, kwa sababu boksi la kiwandani la Altezza nina hakika bado unalo. Usilitoe! Anza na kipimajoto, kama mwendoni inasoma nyuzi 3 au 4 juu ya hewa ya nje, Toyota walishamaliza kazi, nunua filta mpya uendelee na maisha. Kama ni 15, tafuta mpira uliopasuka au mdomo wa kuletea hewa uliovunjika kwenye ajali ya mwenye gari wa zamani. Magari yetu mengi yamegongwa mbele yakapigwa rangi, na kile kipande cha plastiki cha nyuma ya grili hakuna anayekirudisha.

Dada wa Altezza

Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi. Kipande hakipo. 😐

Kichwa cha Boksa

Mkuu, jumla imekutoka ngapi? Na nitumie vipimo vya bati, nimeamua kuifungia koni yangu chumba. Naona nitaiacha mlio kidogo.

Mtoto wa Tororo

Bati na kazi 95,000, kishikizo cha sensa 40,000, mpira wa Hiace 10,000, bomba la kujikunja na klempu 55,000, filta 70,000, kipimajoto 25,000. Mirinda na geti sikuandika. Lile bomba la alumini la jaribio la kwanza lilinigharimu 130,000, na sasa limeshikilia mti wa mpapai nyuma ya nyumba.

Vipimo vya namba sitakutumia, maana boneti ya GD yako (Impreza ya toleo kama langu) ikiwa iliwahi kugongwa, haitalingana na yangu hata kwa mm 5. Katoni bado ninayo chini ya kitanda. Njoo Jumamosi uichukue, saa nne asubuhi, kijana wa rolex anakuwa ameshafungua. Unga unanunua wewe.